Kamera ya depo: nani anaona, na kutoka wapi?



Katika masomo yaliyopita tulizungumza juu ya kukausha mavuno vizuri, kupanga magunia juu ya mbao na kuzuia wadudu wa muhindi. Hii yote ni kupigana na hasara za kisha mavuno. Lakini gunia linalotoka usiku kupitia dirisha ni hasara sawasawa na gunia lililoliwa na wadudu. Ndiyo sababu koperative nyingi sasa zinaweka kamera katika depo, kwenye stasio ya kuoshea kahawa ao kwenye mashine ya kusaga unga. Bei ya kamera imeshuka, paneli za jua zinapatikana, na jerant iko na simu inayoweza kuonyesha picha. Wengi wanatuuliza: tununue kamera ya aina gani?

Sisi tunaona ulizo hilo ni la pili. La kwanza ni hili: picha ya kamera, nani ataiona? Kamera haijui kutofautisha mwenye mali na mwizi. Inamtumikia yule mwenye ufunguo wake. Ufunguo ukiwa mikononi mwa mtu asiyejulikana, basi mumetoa dola zenu ili mtu huyo ajue depo imejaa lini, zamu anasinzia saa ngapi, na siku gani kesie anafungua sanduku la pesa. Kwa hiyo leo hatutasema sana juu ya alama na bei. Tutasema juu ya ufunguo.

Picha inapita njia gani

Kuna kamera za namna tatu zinazoonekana katika depo zetu. Ya kwanza inafanya kazi peke yake, na inaandika picha kwenye karti memori iliyo ndani yake. Ya pili ni kamera kadhaa zilizounganishwa kwa waya na sanduku moja la kurekodi, lile mafundi wanaita DVR ao NVR. Ya tatu ni kamera ya wifi ao yenye karti SIM, inayotuma picha kwenye intaneti ili jerant azione katika simu yake akiwa nyumbani, sokoni ao mjini.

Hii ya tatu njo inapendwa sana, na njo yenye milango mingi. Picha ikitoka kwenye kamera, mara nyingi haiendi moja kwa moja katika simu ya jerant. Inapita kwenye modemu, inapanda mtandao wa simu, inafika kwenye mashine za kampuni ya kamera huko ngambo, kisha inarudi. Jerant amesimama mita 10 kutoka mlango wa depo, lakini picha anayoangalia imetembea maelfu ya kilometa. Kila fasi inapopita kuna mtu ao mashine inayoweza kuiona kama haikufungwa vizuri.

Tena inakula mega. Tupige hesabu kidogo. Kamera inayotuma megabiti 1 kwa sekunde, na hii ni picha ya kadiri tu, inatuma megabiti 86,400 kwa siku moja. Mukigawanya kwa 8 munapata karibu giga 10.8 kwa siku, yaani zaidi ya giga 320 kwa mwezi, kwa kamera moja. Koperative gani kati yetu inaweza kununua giga 320 kila mwezi? Ukweli ni kwamba kamera nyingi za intaneti zinaachwa bila mega kisha majuma machache, na hakuna mtu anayejua kama bado zinafanya kazi.

Shauri letu, na tunajua wauzaji hawatalipenda: kwa depo nyingi za vijijini, kamera isiyo na intaneti inatosha. Sanduku la kurekodi linaandika picha hapohapo. Kukitokea wizi, watu wawili wa komite wanalifungua na kuangalia. Mtu aliye mbali hawezi kuingia, juu hakuna barabara ya kumfikisha. Intaneti muiweke tu kama kuna sababu ya kweli, kwa mfano depo ya mjini ambayo usiku haina mtu.

Neno la siri la kiwandani

Kamera nyingi zinatoka kiwandani na jina na neno la siri vimekwisha kuwekwa. Jina ni admin, neno la siri ni admin, ao 1234, ao 123456. Maneno hayo yameandikwa katika kitabu kidogo kinachokuja ndani ya katoni, na kitabu kilekile kiko kwenye intaneti, yeyote anaweza kukisoma.

Mwaka 2016 programu mbaya yenye jina Mirai ilizunguka dunia. Ilikuwa na orodha ya majina na maneno ya siri karibu 60 tu, yote ya kiwandani. Ilikuwa inagonga kila kifaa kinachoonekana kwenye intaneti, kamera, sanduku la kurekodi, modemu, na kujaribu orodha yake. Kwa orodha hiyo fupi ilikamata vifaa karibu 600,000 wakati ilipokuwa na nguvu zaidi. Mwezi wa 10 mwaka huo, vifaa hivyo vilitumiwa kushambulia kampuni Dyn ya Marekani, na watu wengi wakashindwa kufungua Twitter na Netflix. Na isiseme mtu kwamba ni mambo ya Wazungu. Mwaka huohuo kampuni ya simu Lonestar ya Liberia, hapa Afrika, ilipigwa kwa njia hiyo, na kati ya vifaa vilivyotumiwa kulikuwa kamera za ulinzi. Aliyefanya kazi hiyo alifungwa huko Uingereza mwaka 2019. Alikuwa amelipwa na mtu wa kampuni iliyoshindana na Lonestar.

Wenye kamera zile hawakuwa na adui. Wengi hawakujua hata kidogo kwamba kamera yao imekamatwa, juu iliendelea kuonyesha picha kama kawaida. Kwa hiyo tukisikia mwanamemba anasema, "Eh, sisi tuko mbali, nani atatujua huku kwetu?", tunamjibu hivi: programu ya namna hiyo haijui Lubero wala Kalehe. Inajua nambari za vifaa tu, na inazihesabu moja kwa moja bila kuchoka, usiku na mchana.

Dawa yake ni rahisi na haiombi pesa. Siku kamera inafungwa, kabla fundi hajalipwa, neno la siri la kiwandani libadilishwe. Musitumie jina la koperative na mwaka, juu kila mtu atalikisia. Muchukue maneno manne yasiyofuatana, ya lugha ya nyumbani kwenu kama munapenda, na muyaunganishe: kitu cha jikoni, mnyama, kazi, rangi. Neno refu la namna hiyo ni gumu kwa mashine kulipata, na ni rahisi kwa mama kesie kulikumbuka. Kamera iwe na lake, wifi iwe na lake, modemu iwe na lake. Modemu inasahauliwa sana, nayo pia inatoka kiwandani na admin yake.

Wengine wanafundisha kwamba neno la siri lisiandikwe kamwe. Sisi kwa koperative hatukubaliani. Jambo likibaki katika kichwa cha mtu mmoja, siku anagonjwa ao anagombana na komite, kamera inapotea naye. Muliandike katika kaye moja, kaye iingie katika bahasha iliyofungwa, bahasha iingie katika sanduku la pesa lenye funguo mbili. Tunachokataa ni lile karatasi lililobandikwa juu ya modemu, ao kuandikwa kwa chaki ukutani. Tumeliona hilo kwa macho yetu.

Konti ni ya nani?

Hapa njo tunaomba musome polepole, juu shida nyingi tunazokutana nazo zinatoka hapa, na hazitoki kwa wezi wa mbali. Zinatoka kwa watu tunaowajua.

Kamera ya intaneti inafanya kazi na konti. Yule aliyefungua konti njo mwenye kamera. Wengine wanagawiwa picha tu, sawa wageni waliokaribishwa sebuleni. Sasa, fundi akija kufunga kamera, mara nyingi anafungua konti katika simu yake mwenyewe, kwa adresi yake mwenyewe, kisha anamgawia jerant. Jerant anaona picha, anafurahi, fundi analipwa, anaenda. Hakuna aliyeuliza konti ni ya nani.

Katika koperative moja ya kahawa tulikuta hali hiyo. Kamera nne, zote katika simu ya fundi ambaye alikuwa amehamia mji mwingine. Koperative haikuweza kubadilisha neno la siri, haikuweza kufuta picha, wala kujua ni watu gani wengine wamegawiwa. Walijaribu kubonyeza kile kitufe kidogo cha kurudisha kamera katika hali ya kiwandani. Haikusaidia, juu kamera za alama ile hazikubali mwenye mpya mpaka mwenye wa kwanza aziachilie katika konti yake. Walitafuta nambari ya fundi kwa ndugu zake majuma matatu. Hatusemi fundi yule alikuwa mtu mbaya, labda hakuangalia hata picha moja. Lakini kwa muda huo wote depo ilikuwa wazi mbele yake, na mbele ya yeyote aliyeshika simu yake.

Wengine wanaangalia. Katika jimbo la Texas huko Marekani, fundi mmoja wa kampuni ADT, inayofunga kamera majumbani, alikubali kosa mbele ya mahakama mwezi wa 1 mwaka 2021. Alikuwa anaongeza adresi yake ya barua pepe katika konti za wateja. Mara nyingine aliwaambia kwamba ni kwa kujaribu tu kama mashine inafanya kazi. Mara nyingine hakusema neno. Kwa miaka zaidi ya minne aliingia katika konti za wateja karibu 200, mara zaidi ya 9,600, kuangalia wanawake ndani ya nyumba zao. Hakuvunja mlango. Alijiandika tu kwenye orodha, na hakuna aliyefungua orodha hiyo kuisoma.

Kwa hiyo koperative iwe na karti SIM yake na adresi yake ya barua pepe, zilizoandikishwa kwa jina la koperative, si kwa jina la prezidenti wala la mtoto wake anayejua mambo ya simu. Konti ya kamera ifunguliwe kwa hizo. Fundi afanye kazi mbele ya watu wawili wa komite, na kwa simu ya koperative. Akimaliza, mufungue fasi inayoonyesha watu na simu zilizogawiwa picha, muhesabu, na kila jina lisilojulikana mulitoe. Fundi mzuri hatakasirika. Akikasirika, mutafute mwingine.

Kama programu inatoa nafasi ya kuomba kodi ya pili kwa simu kila mtu mpya anapoingia, muikubali. Lakini muangalie karti SIM hiyo isilale miezi mingi bila kutumiwa. Kampuni ya simu inaweza kuikata na kuuza nambari kwa mtu mwingine, na siku hiyo kodi zenu zitamfikia huyo mgeni.

Na komite ikibadilishwa? Siku ya remise-reprise tunahesabu magunia, mizani, kiti na meza, mpaka vijiko. Kamera haitajwi. Jerant wa zamani anaenda nyumbani na picha za depo zikiwa bado katika mfuko wake. Muandike katika PV: maneno ya siri yamebadilishwa leo, orodha imesomwa, simu hizi zimetolewa. Ni kazi ya nusu saa. Hakuna matusi ndani yake, hata jerant aliyefanya kazi vizuri miaka 10 anarudisha ufunguo wa mlango.

Iangalie wapi, isiangalie wapi

Kamera iangalie mlango, madirisha, magunia na mizani. Mizani tunaisisitiza, juu hapo njo ugomvi unazaliwa. Mwanamemba anasema alileta kilo 62, kaye inasema 58. Picha inayoonyesha namba ya mizani inamlinda mkulima na inamlinda mpimaji. Kamera ya namna hiyo wanamemba wanaipenda, juu inawatumikia wao pia.

Isiangalie meza ya kesie. Tunajua wengi watashangaa, juu wanafikiri pesa njo kitu cha kwanza cha kulinda. Lakini picha ya pesa inamwambia anayeiona kiasi gani kimeingia, siku gani, na nani atakibeba. Pesa inalindwa kwa funguo mbili, kwa sahihi mbili, na kwa kutokaa nayo usiku mwingi. Kamera iangalie mlango wa ofisi kutoka nje, hiyo inatosha.

Isiangalie choo, fasi ya kunawa na kubadilisha nguo, wala kivuli ambapo wamama wanaochambua kahawa wananyonyesha watoto. Isiangalie kitanda cha zamu. Isiangalie lupango ya jirani. Kama haiwezekani kuigeuza, programu nyingi zina namna ya kufunika upande mmoja wa picha kwa rangi nyeusi, muiombe kwa fundi. Na sauti muizime. Kamera nyingi zina masikio, na komite inazungumza bei ya kuuza mbele yake bila kufikiri.

Hili si jambo la heshima peke yake. Katiba ya nchi yetu ya mwaka 2006, artikulo 31, inampa kila mtu haki ya maisha yake ya siri kuheshimiwa. Na Code du numérique, iliyotoka tarehe 13 mwezi wa 3 mwaka 2023, inaweka kanuni juu ya habari za watu, na picha inayomtambulisha mtu ni habari yake. Kwa hiyo kamera iamuliwe katika mkutano wa wanamemba, si na prezidenti na muuzaji katika ofisi. Iandikwe katika PV: ziko ngapi, zinaangalia wapi, nani anaruhusiwa kufungua picha, zinakaa siku ngapi. Na mlangoni pabandikwe karatasi kubwa inayosema kwamba hapa kuna kamera. Mwizi akiisoma akarudi nyumbani, kamera imekwisha kufanya kazi yake.

Zamu naye aambiwe yote. Tumesikia komite zinazotaka kumwondoa zamu kisha kununua kamera. Kamera nyingi hazipigi kelele wala haziwashi taa kuamsha jirani, na batri ikiisha kamera saa tisa za usiku inakuwa kipande cha plastiki ukutani. Sisi tungelipa zamu kwanza.

Picha isiingie WhatsApp

Tuseme usiku magunia matatu ya parche yameibiwa. Asubuhi jerant anafungua picha, anaona mtu anapita mbele ya mlango, koti nyeupe, kofia. Anapiga foto ya ekra kwa simu yake, anaituma katika grupe ya wanamemba: "Mwizi ni huyu, nani anamjua?" Kabla jua halijapanda, picha iko katika grupe 20. Saa sita, kijana mmoja mwenye koti nyeupe anashikwa sokoni.

Sasa musikilize jambo hili la ufundi, ambalo wachache wanalijua. Usiku kamera nyingi hazioni kwa mwanga wa kawaida. Zinatoa mwanga ambao macho yetu hayauoni, na zinaandika picha ya nyeusi na nyeupe. Katika mwanga huo vitambaa vingi vya rangi nyeusi, vya kijani ao vya bluu vinatokea vyeupe. Koti ile labda ilikuwa nyeusi. Na sura ya mtu aliye mita 15, kwa kamera ya bei ndogo, ni doa tu. Kila mtu anaona ndani yake yule aliyekuwa anamchukia tangu zamani. Sisi wote tunajua mkutano wa watu wenye hasira unafanya nini na kijana aliyeshikwa sokoni. Akikufa, hakuna anayeweza kumrudisha kwa magunia matatu.

Picha ya wizi ifunguliwe na watu wawili waliotajwa katika PV. Inakiliwe mara moja kwenye kifunguo cha USB, ipewe OPJ, naye atie sahihi kwenye dechaji inayosema tarehe, saa na idadi ya picha. Jerant asibaki na yake katika simu. Wanamemba waambiwe kwamba wizi umetokea, na kwamba picha ziko kwa polisi, bila kugawiwa picha.

Mambo madogo ambayo yanaharibu kazi kubwa

Saa ya sanduku. Masanduku mengi yanatoka China na saa ya Beijing, ambayo iko mbele ya saa yetu ya mashariki kwa saa 6. Wizi wa saa 2:00 kisha usiku wa manane utaandikwa 8:00. Kwa bahati ya kuchekesha, sisi tunaohesabu kwa Kiswahili tutasoma "saa nane" na kuona ni kweli kabisa, lakini hakimu atasoma saa mbili za asubuhi, wakati zamu alikuwa amekwisha kuenda nyumbani na kesie amefungua mlango. Mtu mwingine atajibu kwa kosa lisilo lake. Muilinganishe saa siku ya kwanza, kisha kila mwezi.

Sanduku lenyewe lisikae juu ya meza chini ya kamera. Mwizi anayejua kidogo atalibeba pamoja na magunia, na atakuwa na picha zenu zote. Liingie katika chumba kingine, ndani ya kabati ya chuma yenye tundu za hewa. Karti memori ya kamera ndogo ni vilevile: mara nyingi yeyote anayeichomoa anaisoma katika simu yake, bila neno la siri. Kamera iwe juu, mbali na mkono.

Siku za kuhifadhi. Karti ya giga 64, kwa hesabu yetu ya giga 10.8, inajaa kisha siku 6 kama kamera inaandika bila kupumzika. Ikiandika tu wakati kitu kinatembea, inafika mbali zaidi. Sisi tungechagua majuma mawili ao matatu, kisha zijifute. Picha za miezi sita hazisaidii mtu, isipokuwa yule anayetaka kusoma maisha yenu.

Kama kamera iko kwenye intaneti, programu ya ndani yake ifanyiwe mise à jour. Mwaka 2021 kampuni Hikvision ya China, ambayo kamera zake ziko nyingi duniani, ilitangaza kosa katika kamera zake: mtu aliweza kuingia bila neno la siri kabisa. Kampuni ilitoa dawa, lakini dawa inasaidia tu kamera iliyoipokea. Fundi aangalie jambo hili mara mbili kwa mwaka, na ikitokea kosa la namna hiyo, mara moja. Tena asifungue njia katika modemu ili "aingie kutoka kwake" akitaka kutengeneza. Akitaka kutengeneza, aje.

Simu ya koperative iwe na kodi ya kufungua. Isichezewe na watoto, na wageni wasipewe wifi ya kamera. Ikienda kutengenezwa, programu ya kamera itolewe kwanza. Na kamera iliyokufa isiuzwe wala kutupwa na karti yake ndani. Muichomoe karti, muivunje kwa nyundo.

Kwa mazungumzo katika vikundi

Koperative yenye kamera tayari, mufungue orodha ya watu waliogawiwa picha mbele ya wote: ni majina mangapi, na yupi hamumjui? Nani alifungua konti, na nambari yake ingali inafanya kazi? Wamama waulizwe peke yao, bila wababa, kama kuna kamera inayowasumbua na inaangalia wapi. Koperative isiyo na kamera bado, muhesabu kwanza magunia yaliyopotea katika mwaka uliopita, na muulizane mangapi yalitoka kwa dirisha na mangapi kwa mlango, mchana, na kaye ikiwa wazi. Majibu mutume kwa animatere wenu. Tutayarudilia katika namba inayokuja, pamoja na somo la kukausha maharagi wakati wa mvua.